Viganja vya Bi Kazija

Tangu nyumba zikatazwe kuwa na swichi na vitasa, kila kitu kilining'inia hewani kikingoja ishara ya mkono, na kila familia ilitakiwa iwe na mtu aliyesomea kuvipanga. Kwa Bi Kazija mtu huyo alikuwa binti yake Siwema, aliyeacha cherehani akaingia darasani na miaka yake arobaini.

Mtihani wake ulikuwa chumba cha mama. Taa aliiweka karibu na mto, feni mkono wa kushoto, na usawa wa macho akaiweka sauti ya marehemu baba iliyorekodiwa, hiyo moja tu waliyobaki nayo.

"Chagueni ishara ambazo mkono umeshazizoea," mwalimu alikuwa akisisitiza.

Basi ishara ya kuondoa kitu, Siwema akachagua viganja viwili kushuka usoni, kwa kuwa mama alifanya hivyo kila siku. Akili zake zilikuwa wapi, mpaka leo hajui. Na kisheria, kilichoondolewa hakirudi.

Asubuhi ya mtihani mama aligusa hewa. Marehemu akacheka, akasema, "Kazija, chai yangu iko wapi?"

Machozi yakamtoka Bi Kazija. Akainua mikono, akamwombea dua mumewe, akaitikia amina, akapitisha viganja usoni.

Chumba kikawa kimya.

"Mwambie arudie, mwanangu," mama alisema. "Sijatosheka."

Siwema aligusa hewa pale sauti ilipokuwa; hapakuwa na kitu. Mbele yake matokeo yalikuwa yameshatokea: amefaulu kwa alama zote, kwani mtumiaji hakuhitaji kufundishwa.