Pijo la Mzee Hatim

"Injini usiiguse, fundi," alisema Mzee Hatim. "Mie nataka ukimya tu."

Polikarpo alilitazama lile gari aina ya Pijo. Lilikuwa uani Temeke, juu ya matofali, likingoja matairi kama nusu ya magari ya mji ule mwaka wa themanini na tatu. Yeye alikuwa fundi wa viti vya magari, Mmakonde mwenye mkono wa kuchonga, na kazi kama hii hajawahi kuombwa.

"Kelele za barabara hupitia sakafuni, mzee. Hapo nitapiga lami, juu yake magunia. Milangoni nijaze makumbi ya nazi, pembeni nizungushie mpira wa tyubu."

"Na mashine ya kusaga ya jirani? Nitaisikia?"

Polikarpo akacheka. "Kwani barabarani kuna mashine ya kusaga, mzee?"

Mzee Hatim hakucheka. Alitaka pia spika ya kaseti itoe sauti nzito, mtu aisikie mpaka miguuni. Na kazi iwe imekwisha Jumapili, saa tisa alasiri.

Hapo kicheko kikamkauka Polikarpo. Jumapili baada ya saa nane gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani, mafuta yenyewe ya kubahatisha. Hilo nani hakulijua?

"Na matairi, mzee?"

"Hayo niachie mie."

Mwaka ule ulikuwa wa msako. Wahujumu uchumi walizolewa majumbani mwao, watu wakitupa chooni sabuni walizozificha, kwa hofu. Na fundi wa mhujumu naye ni mhujumu, atajitetea kwa lipi?

Hata hivyo kazi aliifanya, tena kwa moyo. Spika aliichongea kisanduku cha mninga, akakifunga chini ya viti. Kila siku saa nne Mama Maryambai, mkewe Mzee Hatim, alimwita barazani anywe chai. Mama wa watu alikuwa haoni tena, na moyo wake mgonjwa; hospitali walishamkataza hata kupanda basi. Siku moja, Polikarpo yupo na kikombe mkononi, akamsikia akiuliza:

"Bunju lini, Hatim?"

"Jumapili," mumewe akajibu kwa sauti ya chini.

Loo! Hata mgonjwa wanamwingiza kwenye magendo? Polikarpo akaweka kikombe chini, akarudi kazini.

Nyumbani, mkewe Eufrazia alikuwa na yake. "Chai ya sukari? Sukari huyo mzee wako kaitoa wapi, Baba Kasimiri, na sie tunapanga foleni tangu alfajiri? Na juzi watu wamemwona kwenye pikapu ya mkwewe, kapakata redio kaseti. Wamekwenda mpaka Bunju, kule njia ya Bagamoyo, wakageuza, wakarudi. Hata kushuka hakushuka! Huyo anapima njia. Wakikukamata, hawa watoto nitawalisha mawe?"

Jumamosi jioni Polikarpo akaenda kwa Mzee Mwinshehe, balozi wa nyumba kumi. Akampa shikamoo, akakaa, akasema yote. Alirudi nyumbani akashindwa kula. Alijiona mtu wa hovyo kabisa, na bado alijiambia hakuwa na njia nyingine.

Kesho yake, saa tisa na nusu, balozi na mgambo wawili waliingia uani, Polikarpo nyuma yao akitamani ardhi immeze. Mashine ya jirani ilikuwa ikinguruma. Pijo lilikuwa palepale juu ya matofali, vioo vimepandishwa, na watu wawili wameketi ndani.

"Hajafunga matairi," mgambo mmoja akanong'ona. "Tumemuwahi."

Balozi akabandika sikio kwenye mlango. Kimya. Polikarpo aliijua kazi yake, na kwa mara ya kwanza maishani akaichukia.

"Fungua," balozi akaamuru.

Mgambo akauvuta mlango. Ngurumo ikawapiga usoni: gari likibadilisha gia, matairi yakichapa lami, upepo, honi ya basi likipishana nao, kaseti ikivitoa vyote kwenye kile kisanduku cha mninga. Mzee Hatim alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja. Aliwatazama, kisha taratibu akainua mkono wa pili, akaweka kidole mdomoni, akiwaomba.

Mama Maryambai, amevaa nguo zake za sikukuu, akaugeuzia uso upepo wa uani.

"Mbona umefungua mlango, Hatim? Tumeshafika Bunju?"