Karatasi ya Arobaini na Saba

"Nyoosha mikono nione."

Smaranda akainyoosha juu ya meza. Saveta, aliyezitunza nyaraka za halmashauri ya kijiji cha Murgovița kwa zaidi ya miaka thelathini, akaikagua mbele na nyuma, kidole kwa kidole, kama anayetafuta damu. Ndipo akamwekea jalada: mihtasari ya vikao vya mwaka 1951, iliyoshonwa kwa uzi uliokwisha kuwa mweusi.

"Saini kwanza. Karatasi ya wasomaji iko hapo mwanzoni."

"Nitasaini nikimaliza, shangazi. Madiwani wanakaa saa sita." Kijiji kizima kilimwita Saveta shangazi.

"Haya. Babu yako lakini alikuwa anaanzia hapo."

Smaranda hakulipokea neno hilo. Masikio yake yalikuwa juu, ukumbini, ambako viti vilikwisha kuanza kuburutwa.

Jumapili iliyokuwa inakuja, shule ya kijiji ilikuwa ipewe jina la babu yake, Toader Hurdugan. Ilisimuliwa kwamba yeye peke yake, kati ya madiwani watano, alikataa kuidhinisha orodha ya familia kumi na nne zilizopakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe na kupelekwa uhamishoni katika nyika ya Bărăgan. Lakini wiki iliyotangulia mzee Lazar, aliyezaliwa huko uhamishoni ndani ya shimo lililoezekwa matete, alisimama kikaoni akasema, "Toader alisaini kama wenzake. Nani ameiona hiyo karatasi?"

Hakuna aliyekuwa ameiona. Smaranda, mwanafunzi wa historia, akajitolea kuileta. Ni yeye aliyekuwa ameiandikia halmashauri barua tatu kuzuia majalada yasihamishiwe ghala lenye unyevu. Aliamini kwamba karatasi haimwogopi mtu. Hata babu yake, kila alipoulizwa mezani habari za mwaka ule, aliendelea kumenya kitunguu na kujibu, "Yamo kwenye karatasi."

"Kuna nakala popote?" akauliza.

"Nakala gani? Hii haina ndugu."

"Wewe umeisoma?"

"Mimi naleta, mimi naondoa. Nikianza kusimulia, Lazar atasema nimekupikia." Saveta akachochea kuni katika jiko la vigae pembeni mwa chumba. "Ila kumbuka, binti: hapa tunahesabu karatasi, hatuhesabu kurasa. Ziko mia na kumi na mbili. Nitazihesabu ukimaliza."

Sauti ikashuka kutoka juu. "Saveta! Ufunguo wa kabati!" Kisha nyingine, ya Lazar, ikicheka: "Na huyo msomi wetu, kaipata au bado anaiandika?"

Saveta akapanda ngazi taratibu, akihema.

Smaranda akalifungua jalada katikati. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Namba zilikuwa zimeandikwa kwa penseli kwenye pembe ya juu. Arobaini na saba ilikuwa orodha: baba, mama, watoto, idadi ya farasi. Familia kumi na nne. Jina la kumi na moja lilikuwa la baba yake Lazar. Chini ya orodha palikuwa na sahihi tano.

Ya tatu ilikuwa ya Toader Hurdugan.

Aliisoma mara mbili. Hakuilinganisha na mwandiko wowote; hakuna alichokuwa nacho cha kulinganishia, wala muda. Alichokiona ni kibao juu ya mlango wa shule, na Lazar akikitazama. Alichokiona ni mama yake, ambaye alikwisha kupiga pasi gauni la Jumapili.

Juu, viti vikanyamaza.

Mkono wake ukafanya jambo ambalo kichwa chake kisingeliruhusu. Uzi wa zamani haukushindana naye. Karatasi ikatoka nzima nzima, kimya. Mlango wa jiko ulikuwa wa moto ukamuunguza vidole. Karatasi ikajikunja, ikawa nyekundu pembezoni, ikawa si kitu.

Aliporudi Saveta, Smaranda alikuwa ameketi, mikono chini ya meza.

"Wanakuita. Umeipata?"

"Haipo, shangazi. Kutoka arobaini na sita inaruka. Labda panya."

Saveta alilitazama jiko. Alitazama juu ya meza, ambapo hapakuwa na mikono. Kisha akazihesabu karatasi kwa kidole gumba kilicholowa mate, moja moja, midomo ikitikisika. Smaranda alihesabu naye moyoni, na kila namba ilimwangukia kama hatua ya mtu anayekuja.

"Mia na kumi na moja," akasema Saveta. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa na kitu kibaya zaidi ya hasira. "Nyoosha mikono nione."

Smaranda hakuinyoosha.

"Basi saini. Msomaji wa mwisho ndiye anayejibu."

Akalifungua jalada mwanzoni, akamsukumia kalamu. Karatasi ya wasomaji ilikuwa na safu nne: tarehe, jina, karatasi iliyosomwa, sababu. Smaranda akatafuta mstari mtupu, na kidole chake kikapita juu ya mistari iliyojaa. Ilikuwa tisa, mwaka baada ya mwaka, kuanzia 1991 mpaka mwaka aliokufa babu yake. Mwandiko ulikuwa mmoja, mzito, wenye herufi zilizolalia kushoto, wala haukufanana hata kidogo na sahihi ile ya tatu.

*Toader Hurdugan. Karatasi ya 47, upande wa nyuma. Pingamizi langu: mbele wameghushi sahihi yangu. Nimekuja kuhakikisha. Bado lipo.*