Mgonjwa wa Emérita

Vifuniko vitatu vya Fanta vilidondoka kutoka mfukoni mwa koti la Kanyamibwa, vikalia juu ya jiwe la kufulia. Emérita aliliacha koti majini. Aliviokota kimoja kimoja, akavitazama, na hasira ikampanda mpaka masikio yakavuma.

Fanta! Mtu mwenye ugonjwa wa sukari!

Miezi kumi alikuwa amemhangaikia mwanaume huyu. Tangu siku ile ya kupimwa parokiani, walipotolewa damu wote wawili, yeye akawahi kurudi kupalilia maharage na Kanyamibwa akabaki kungoja majibu. Jioni mume alirudi uso umemshuka. "Niko na diabete," alisema, na Emérita hakupoteza muda kulia.

Kesho yake sukari ilitoka nyumbani, haikurudi tena. Kopo la nyanya likawa kipimo cha unga wa ugali, halijazwi mara mbili. Mboga ya lengalenga na maharage vikawa chakula cha kila siku. Maziwa mazito yalienda kwa watengeneza jibini, wao nyumbani wakabaki na yale yaliyoondolewa siagi. Na kwa kuwa kuni ni za kutafutwa mbali, hapakuwa na kupika vyungu viwili. Alichokula mgonjwa, mke naye alikula hichohicho, apende asipende.

Nyuma ya mlango, msumarini, ulining'inia mfuko wa kukimbia nao: vidonge vya akiba vya mwezi mzima vilivyofungwa plastiki mara mbili, mihogo mikavu, chumvi, viatu vya raba. Risasi zikilia upande wa Nyabiondo, Emérita alishika mfuko huo kabla ya kushika kitu kingine. Mara mbili walikimbia nao, na mara zote mbili vidonge vilifika vikavu.

Lakini mgonjwa mwenyewe sasa! Alikuwa na deko kuliko mtoto mchanga. Muuguzi Niyigena aliagiza kutembea kila asubuhi hadi malisho ya juu. Bwana hataki kwenda peke yake, lazima mke amsindikize. Kidonge hamezi mpaka mke naye ameze chake, eti muuguzi alisema wanaokula sahani moja wameze pamoja, kwa kuzuia ugonjwa. Kwenda kuchukua dawa tu ndiko kusikohitaji kusindikizwa.

Emérita alimeza huku akinung'unika, maana yeye si mtu wa dawa. Mwaka juzi, alipopewa vidonge vya presha, aliviuza kwa jirani akanunua mbegu za viazi, kisha akajisifu mbele ya kina mama wa kanisa kwamba presha yenyewe iliona haya ikaondoka. Walicheka wote, isipokuwa Kanyamibwa.

Sasa aliteremka kilima mikono ikidondosha povu la sabuni, vifuniko amevibana kiganjani. Alimkuta mahali pa kukusanyia maziwa, amekaa juu ya bidoni ya maziwa na wafugaji wenzake wawili. Mkono mmoja Fanta, mkono wa pili andazi.

"Kanyamibwa!"

Mume alisimama, akaificha chupa mgongoni. Mzee mzima!

"Miye nakulaka majani sawa mbuzi, juu yako! Chai yangu haina sukari, juu yako! Na weye uko huku unajinywea?"

"Mama Manzi, kuya twende nyumba. Nitakuelezea."

"Utaelezea nani? Unataka kufa uniachie batoto ine?"

Alivitupa vifuniko miguuni pake. Wafugaji wakaanza kufunga bidoni zilizokwisha kufungwa. Emérita hakuona haya. Hasira yake ilikuwa na hofu ndani yake, na hofu hiyo ilikuwa na jina. Dada yake Colette alikufa kwa sukari hiyohiyo, mguu ukiwa umeoza hadi gotini, na Emérita aliapa kaburini kwamba hatamzika mwingine.

"Tunaenda kwa muganga. Sasa hii. Akugombeze mbele yangu."

Hapo ndipo Kanyamibwa alipobadilika sura. Andazi lilimtoka mkononi.

"Hapana kule, Mama Manzi, nakuomba. Niyigena hayuko, iko kongé, alienda kupumzika. Kule iko mupya tu, hatujue. Tungoje arudie."

"Njo huyo mupya nataka. Huyo hatakuonea huruma."

Akashika njia ya kituo cha afya. Kanyamibwa alimfuata akihema, akimsihi, akimshika kitambaa, akisukumwa. Mwoga mkubwa! Fanta haikumwogopesha, muuguzi ndiye anayemwogopesha. Walipofika, Emérita aliingia chumba cha muuguzi akaufunga mlango kwa komeo, mume akabaki nje. Aanze yeye kushtaki, kisha mshtakiwa aitwe.

Muuguzi mpya, binti aliyeitwa Laetitia, alimwacha aseme yote. Kuhusu kopo, malisho, mfuko wa msumarini, Fanta.

"Bwana yangu iko na diabete na anaichezea," alimaliza. "Kanyamibwa. Angalia mu kaye yako, utamuona."

Laetitia alifungua daftari la wagonjwa wa sukari. Kidole chake kilishuka ukurasa mzima, kikarudi juu, kikashuka tena polepole.

"Mama, Kanyamibwa hana diabete. Iko hapa sawa bwana ya mugonjwa. Yeye njo anakuyaka kubeba dawa kila mwezi."

"Mugonjwa gani?"

Nje, Kanyamibwa alikuwa bado anagonga mlango. Laetitia aligeuza daftari, na Emérita akainama, akasoma jina lake mwenyewe.