Kanga Juu ya Bomba

Programu aliyoitengeneza Sikudhani ilikuwa ya bure. Mtaa mzima uliifungua kwenye simu kujua bomba lipi linatoa maji. Asubuhi hiyo soko la mtandaoni ambako watu huipakua lilibadilisha masharti tena: isipokubali kusoma namba zote zilizomo kwenye simu za watu, itaondolewa.

"Kubali tu, shoga, ndoo zinatungoja," alisema jirani yake, Mwanahawa.

"Bomba na namba ya mama yako, wapi na wapi?"

"We nawe! Unamshuku hata anayekupa meza ya bure sokoni kwake?"

"Huyo hasa."

Sikudhani akazima simu bila kukubali. Akaanua kanga yake nyekundu, akaenda kuifunga juu ya bomba lililokuwa likitoa maji, iwe ishara, kama walivyofanya zamani kabla ya simu. Ng'ambo ya barabara, wanawake wenye ndoo tupu walikuwa bado wameinamia simu.