Baba Yake Tavián

Walipiga kura kuhusu baba yake Tavián, na mfalme aliyekufa akashinda kwa kura kumi na moja. Mvushaji wa mto alipata moja.

"Don Eladio tena," Jazmín akasema, bila hata kutazama mkono ulikuwa wa nani. Wengine wakacheka.

Kila Jumamosi asubuhi walikutana nyuma ya duka la fotokopi jijini Asunción, wote vijana isipokuwa don Eladio, wakipokezana kikombe cha tereré, chai baridi ya majani, na kubishana juu ya vitabu vinne vya Ufalme wa Maji Tisa. Shujaa wa vitabu hivyo, Tavián, hakujua alizaliwa na nani. Alikumbuka mafuriko tu, na mtu aliyembeba mabegani akamvusha. Kitabu cha tano, cha mwisho, kilikuwa njiani, na kila mmoja alitaka ithibitike kwamba yeye ndiye aliyebashiri sawa.

Jazmín Villalba alikuwa mwanafunzi wa sheria, na ndiye aliyeandika kumbukumbu za vikao. Ukoo mzima wa mfalme alikuwa nao daftarini, kwa kalamu za rangi nne. Don Eladio hakuwa na daftari. Alikuwa fundi vigae wa miaka sitini na tisa, aliyejenga nyumba za watu Buenos Aires, nchi jirani, kwa miaka thelathini kabla ya kurudi. Kitabu cha kwanza alikikuta kwenye nyumba aliyokuwa akiweka sakafu. Alikisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na tangu hapo hakutulia. Hata kikaoni hakuweza kukaa: alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akagonga goti kwa vidole.

"Mvushaji yuko kwenye kurasa tatu tu, mzee," Jazmín akamwambia. "Hata jina hana. Anamvusha mtoto, anamwacha kwa shangazi, anatoweka. Baba gani huyo?"

"Alikwenda kutafuta kazi."

"Kitabu hakisemi hivyo."

"Hakijasema."

"Miaka yote hiyo? Hata barua moja?"

Don Eladio akaenda tena dirishani. "Labda aliona aibu," akasema, akiwa amewapa mgongo. "Ukichelewa mwaka mmoja unaona aibu. Ukichelewa kumi, ndiyo basi tena."

"Jazmín, mpishe huyu darasani kwako," kijana mmoja akasema. "Wakili ndiye huyu."

Wakacheka tena. Safari hii Jazmín hakucheka. Wenzake walipoondoka alimwomba mzee abaki, akafungua daftari.

"Oktoba ulisema mvushaji alimwambia mtoto amshike masikio ili asianguke. Nimeandika hapa. Wakati ule hakuna kitabu kilichokuwa kimetaja masikio."

"Nakumbuka."

"Machi kikatoka kitabu cha nne. Ukurasa wa mia mbili na kumi, masikio." Akafunga daftari. "Umeweka vigae nyumbani kwa nani, don Eladio? Kwa mchapishaji?"

Mzee akasimama, akaenda dirishani.

"Kuna watu wanaiba kurasa, sisi wengine tunaharibiwa hadithi kabla haijatoka," Jazmín akasema. Ilimuuma kusema hivyo, maana alimpenda mzee huyu. "Jumamosi ijayo mwandishi anakuja kwenye maonyesho ya vitabu. Nitamwambia mbele ya watu. Usipokuja, nitajua ni kweli."

Wiki ile don Eladio alikata vigae vibaya siku mbili mfululizo, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu ujana. Jumatano alipiga pasi shati lake jeupe. Alhamisi alikwenda stendi, akakata tiketi ya Buenos Aires, akakaa na mkoba mapajani mpaka basi likaondoka bila yeye. Ijumaa akalipiga shati pasi tena.

Jumamosi, saa tisa alasiri, ukumbi ulijaa na joto lilikuwa la kukatisha pumzi. Mwandishi, Nimia Arrúa, mwanamke wa miaka arobaini na minne mwenye nywele fupi, alikaa jukwaani akijipepea kwa gazeti. Don Eladio alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, ingawa viti vilikuwepo.

Jazmín akashika kipaza sauti. Akaeleza yote: vikao, Oktoba, masikio, Machi. Kisha akanyoosha kidole.

"Ni yule pale, mwenye shati jeupe. Tunaomba umuulize kurasa zako alizipata wapi."

Vichwa vikageuka. Mtu akaanza kuzomea, wengine wakamfuata. Don Eladio alishika kitasa cha mlango, lakini hakukizungusha.

Nimia akainua mkono mpaka wakanyamaza.

"Hakuiba," akasema. "Ukurasa ule niliuandika Januari, siku chache kabla kitabu hakijaenda kuchapwa. Oktoba ulikuwa kichwani mwangu tu. Hata mume wangu sikuwa nimemwambia."

Akashuka jukwaani. Akapita katikati ya viti bila haraka, watu wakikunja miguu kumpisha, mpaka akasimama mbele ya mzee.

"Sasa wewe ulijuaje?"

Don Eladio akaachia kitasa. Mikono yake haikujua pa kukaa.

"Nywele zangu zilikuwa zimelowa, zinateleza," akasema. "Nikakuambia unishike masikio, Nimita wangu, ukayavuta njia nzima mpaka kwa shangazi yako."