Kigelegele cha Mfiwa

Jirani yangu Mwanamvua alinisimulia haya juzi, sauti bado imemkauka.

Katika kambi ya waliokimbia mafuriko, wageni waligawa mablanketi. Kila mama alitakiwa apige kigelegele kwanza, picha ipendeze. Zamu ya Zamoyoni ikafika.

"Kigelegele, mama!"

"Jana nimezika mwanangu, baba. Nipe nimfunike aliyebaki."

"Tabasamu basi."

"Kwani blanketi linafunika meno?"

Wakalirudisha garini. Jamani, huo ndio msaada? Mfiwa ashangilie!

Jioni Mwanamvua, naye akiishi kambini humo, akamletea blanketi. "Nilirudi foleni, shoga. Nimepiga na kigelegele chako."

Zamoyoni akalipokea. Akamfunika mtoto, akajilaza kwenye udongo, mkono umeshika pindo la blanketi. Usingizi ukamchukua hivyo hivyo, meno ameyauma.