Bunduki Inayongoja Kidole

Katika mji ule, bunduki iliyoua mtu kwa bahati mbaya mawindoni hupelekwa kwa jamaa wa marehemu ivunjwe kwa nyundo, na maneno yaishe. Ndiyo maana Malugu alimletea Sengondo bunduki yake kuukuu. Sengondo alikuwa fundi wa bunduki, na wiki ile alikuwa amemzika mdogo wake.

"Pole sana, fundi," Malugu alisema. "Ilianguka, ikafyatuka yenyewe. Vitu vya zamani ni takataka. Nimeshaagiza mpya."

Sengondo aliomba kimoyomoyo Mungu amzuie mkono. Akahakikisha bunduki haina risasi, akaikoki, akaigonga kitako sakafuni. Kimya. Akaigonga tena kwa nguvu mpaka vumbi likaruka. Kimya. Kisha akavuta kifyatuo kwa kidole. Ikalia: ta!

"Zinazofyatuka zikianguka ni hizo mpya," alisema taratibu. "Kila siku naletewa nizitengeneze. Hii ya zamani hungoja kidole."

Malugu akalamba midomo. "Ivunje basi, fundi. Wazee wanatungoja nje."

Sengondo akaichukua nyundo iliyokuwa mezani, akairudisha mahali pake. Akachukua kitambaa, akaipaka bunduki mafuta polepole, kama anayempangusa mtoto aliyetoka kuoga. Kisha akafungua droo, akatoa risasi moja, akaisimamisha mezani kati yao.

"Kaa, Malugu," alisema. "Tusali kwanza."

Malugu akakaa, akafumba macho. Sengondo hakuyafumba yake.